Gitaa Lililobaki kwa Akonaay

Kijiji cha Tumati,
Mbulu,
Mkoa wa Manyara.

22 Agosti, 2004

Mpendwa kaka yangu Yohanes,

Shikamoo kaka. Kabla ya yote niambie mgongo wako unaendeleaje, maana barua yako ya Pasaka maandishi yake yalikuwa yamelala upande, nikajua uliandika ukiwa umejinyoosha kitandani. Wifi Fausta naye hajambo? Na wanao? Mwambie wifi zile mbegu za maharage alizotuma zimeota vizuri, ila kuku wa jirani walizipenda kuliko sisi.

Huku tu wazima, uzima wa watu wa mlimani: kikohozi asubuhi, jembe mchana. Mama macho yamepungua lakini masikio yameongezeka. Ukinong'ona jikoni yeye anajibu akiwa zizini. Anakusalimu sana na anauliza kila Jumapili kama umeandika.

Kaka, tafadhali acha kuandika Mkoa wa Arusha juu ya bahasha. Tumekuwa Manyara tangu mwaka juzi, makao makuu ni Babati, na barua yako ilizunguka wiki tano kabla ya kunifikia. Huko Songea nadhani habari zinafika kwa miguu.

Vitunguu saumu vimekubali mwaka huu. Wanunuzi wanakuja na malori yao mpaka shambani, kila mmoja na maneno yake, na wewe uliyezoea mambo ya ushirika ungecheka kumwona mume wangu Joakimu anavyojifanya hana haja ya kuuza. Siku hizi amepata neno jipya la kunicheka na mimi. Anasema tone moja la mvua likidondoka naingiza ndani kila kitu kilichoko uani: vyungu, ngozi, majembe, hata kinu. Mwaka jana niliingiza jiwe la kusagia, nikaumia mkono. Watoto nao wamedakia. Mimi huwa nacheka nao, kwa sababu sijawahi kuwaambia sababu. Leo nitakuambia wewe.

Sasa nije kwenye lile uliloniagiza. Uliandika kwamba umesikia kuna kwaya Katesh ina gitaa jekundu la zamani, la umeme, na kwamba moyo wako umekuambia ni lako lile la ujana. Ukaniandikia alama tatu za kulitambua. Kwanza, pale shingo inapokutana na kiwiliwili pana alama ya moto wa sigara. Pili, kitufe kimoja cha sauti kilipotea ukaweka kifuniko cha dawa ya meno. Tatu, nyuma ulichora herufi Y kwa msumari. Kaka, nilikuwa nazijua zote tatu bila wewe kuniandikia. Ni mimi niliyekuwa nabeba lile gitaa harusini huku nyie wanaume mkihangaika na betri ya trekta ya kuendeshea vyombo.

Nilichelewa kwenda, na nilisingizia vitunguu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mwishoni nilijikaza, nikaenda Katesh mwezi uliopita, nikafikia kwa mama mmoja wa parokia, na Jumapili nikaingia ibadani na kukaa karibu na wanakwaya. Gitaa lilikuwa jekundu kweli. Lilipoanza kulia nilishika benchi kwa mikono miwili. Baada ya ibada nikamwomba mpigaji, kijana mpole anaitwa Tadei, anionyeshe. Nikaligeuza. Halikuwa na moto, halikuwa na kifuniko, halikuwa na Y. Lilinunuliwa Arusha juzi tu, lina rangi ya kupakwa.

Nakiri nilifurahi. Nilitaka nirudi nikuandikie kwamba si lenyewe, tumalize. Lakini Tadei aliniona nimechora Y kwa kidole mgongoni mwa lile gitaa, akaniuliza natafuta nini hasa. Nikamweleza. Akasema, "Mama, kuna mjane kule Jorodom, mume wake alikuwa na gitaa la umeme. Kwaya ilienda kumwomba atuuzie, akakataa hata tusiliguse. Alisema si mali yake, mwenyewe atakuja." Nikamuuliza huyo mume aliitwa nani. Akasema Akonaay.

Akonaay, kaka. Mpiga besi wa bendi yako. Rafiki uliyemwazima gitaa mwanzoni mwa mwaka 1982 akajifunze nyimbo za solo nyumbani kwake Masieda, na ambaye miezi michache baadaye ulisimama mnadani Dongobesh ukamtaja kuwa mwizi mbele ya watu wote. Akahama na familia yake, na watu wakasema amehama kwa aibu. Nawe hukushika gitaa lingine tena, ukaenda Songea.

Hapa ndipo nilipotaka kuacha kuandika. Joakimu yuko shambani, mama amelala, na nimejiambia nisipoandika leo sitaandika tena.

Ulinituma Masieda nikalichukue, kwa sababu Jumamosi ile mlikuwa na harusi ya kupigia. Nilikuwa na miaka kumi na minane na posa ya kwa kina Joakimu ilikuwa imeshaletwa. Niliporudi nilikuambia nyumba ya Akonaay ni tupu, wameondoka, gitaa wamelibeba. Uliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilisema ni tupu.

Nyumba haikuwa tupu.

Nilipokuwa nakaribia, Akonaay alitoka akasimama mlangoni akanipigia kelele nisisogee. Akasema surua imechukua watoto wake wawili ndani ya wiki moja. Unajua mwenyewe mwiko wa metimani: nyumba iliyofiwa vile haiji kwako, nawe huendi kwake, hamli chungu kimoja, na kitu chake hakivuki kwenda kwa wengine mpaka muda wa kujitenga uishe. Padri alikuwa anatufundisha tuache hayo, nasi tuliitikia amina, halafu tukirudi nyumbani tunayashika. Kumbe Akonaay alikuwa anafikiria ile harusi uliyokuwa upigie. Alisema gitaa lilikuwa ghalani siku zote zile, halikulala kwenye nyumba ya wagonjwa, kwa hiyo ni safi. Akaenda ghalani akalitoa, akalibeba mpaka katikati ya uwanja, akalilaza kwenye majani taratibu kama anamlaza mtoto, akarudi nyuma hatua nyingi mpaka mlangoni, akaniambia, "Chukua, Efrazia. Mwambie Yohanes nimefiwa."

Mimi nikaligeuzia mgongo nikakimbia. Nilifikiria mtu akijua nimefika pale, wakwe watasema nami nijitenge, na posa itavunjika. Sikufikiria kingine. Nilipofika kwenye mtelemko mvua ikaanza kunyesha, mvua nzito ya masika, na niligeuka mara moja tu. Gitaa lilikuwa bado kwenye majani, jekundu, linanyeshewa. Akonaay alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa bado ananingoja nirudi.

Habari za msiba zilipofika Tumati baadaye, ulisema hata msiba haumpi mtu ruhusa ya kuondoka na kitu cha watu. Mimi nilikuwa nachambua mchele karibu yako. Nikaendelea kuchambua.

Miaka ishirini na miwili, kaka. Nimeolewa, nimezaa, nimezika baba yetu, na mvua ikianza tu naliona. Halijawahi kuoza machoni pangu wala kupungua rangi. Joakimu anadhani nina uchoyo wa vyombo.

Basi nikaenda Jorodom. Njiani nilisimama mara mbili nikitaka kugeuza, na safari hii miguu ilikataa kunitii. Mjane wa Akonaay ni yule Benedikta, aliyekuwa mchezaji mzuri siku za bendi. Amezeeka kuliko miaka yake. Nilimwamkia nikaanza kujitambulisha, akanikatisha. "Nakujua. Siku ile ulivaa khanga ya njano." Alikuwa ameniona kupitia dirisha, amempakata mtoto wa tatu, aliyepona.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alinionyesha gitaa limetundikwa kwenye boriti, limefungwa ngozi ya ng'ombe. Akalifungua mbele yangu. Moto wa sigara upo. Kifuniko cha dawa ya meno kipo. Y yako ipo. Ila mimi nililitambua kwa alama ya nne ambayo wewe huijui: mgongoni mbao imevimba na rangi imebabuka upande mmoja, pale lilipolalia maji. Niliweka kiganja pale nikashindwa kukiondoa.

Benedikta akanisimulia bila haraka. Akonaay alingoja mvua ile yote akidhani nimekimbia tu kwa hofu, nitarudi. Giza lilipoingia akaenda kulichukua, na kwa kulirudisha nyumbani likawa nalo limeingia kwenye mwiko. Akalikausha, akalipaka mafuta ya ng'ombe. Muda wa kujitenga ulipoisha alilifunga akaja nalo Dongobesh siku ya mnada akurudishie mkononi. Alipofika kati ya watu akasikia jina lake likitajwa kwa sauti yako. Akaona akilitoa pale pale atakuwa mwizi aliyeshikwa na kitu. Akageuka nalo. Mwezi uliofuata wakahamia Hanang, na Benedikta anasema hawakuhama kwa aibu. Walihama kwa sababu hata muda ulipoisha hakuna mtu aliyekuja kula nao.

Hakuwahi kulipiga. Nyuzi ni zile zile zako, zimekula kutu. Tadei alimpelekea mpya siku moja, akazikataa. Akonaay alifariki mwaka juzi, kwa kifua. Alimwachia mke wake neno moja juu ya gitaa: lilitoka mkononi mwa Yohanes, basi mkono wa Yohanes ndio ulichukue, na akija asiulizwe kwa nini amechelewa.

Nilipiga magoti nikamwomba anipe nikuletee. Nilimwambia kosa ni langu, wewe hukujua lolote, ulidanganywa na dada yako. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe ulipewa siku ile. Hukuchukua."

Halafu akasonga ugali, akaleta na maziwa, akaweka bakuli moja katikati yetu. Nilikula, kaka. Maziwa yalinimwagikia kwenye khanga, lakini nilikula mpaka bakuli likaisha, na yeye alikula na mimi, akinitazama kila tonge.

Tulipokuwa bado tumekaa, kukanyesha kidogo, manyunyu yale ya mlima Hanang yasiyojua kiangazi. Bati la Benedikta lina tundu. Nikasikia tone linagonga ngozi, tena, na tena, juu ya boriti. Yeye ameshazoea, hakusikia. Nikamuuliza kama naweza kulisogeza tu, lisinyeshewe. Aliinua macho akalitazama tundu la bati. Akasema, "Hilo unaweza."

Nikalishusha nikalibeba mpaka chumba cha pili, kwenye ukuta mkavu. Ni hatua saba. Nilizihesabu kwa sababu nilikuwa nalia na nilitaka nisianguke nalo.

Kaka, sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nakuomba uje. Mgongo ukiuma, njoo polepole, pumzika Singida, mimi nitakungoja Katesh stendi na tutapanda Jorodom pamoja. Uingie mlango ule, ule chakula cha Benedikta, ndipo unyooshe mkono. Akonaay hana njia nyingine ya kusafishwa jina ila hiyo, na watu wa Masieda na Dongobesh waliokusikia ukimwita mwizi wapo bado wazima wengi, watasikia kwamba umekuja ukala kwake. Na kwa mama nitasema mimi mwenyewe, kabla hujafika.

Nisalimie wifi Fausta na wanao wote, na umwambie mkubwa ajifunze kuandika barua ndefu kama shangazi yake. Mama na Joakimu wanakusalimu. Benedikta hakutuma salamu. Aliuliza tu kama bado unapiga kwa vidole au kwa kipande cha plastiki, maana Akonaay alipenda ulivyopiga kwa vidole.

Mungu akulinde barabarani na akupe nguvu ya mgongo na ya moyo. Vuli haiko mbali, na mvua ikianza nitakuwa Jorodom, nimekaa na gitaa lako mpaka utakapofika.

Mimi mdogo wako anayekupenda, na aliyekudanganya,

Efrazia