Jicho la Upepo

Salim, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Salamu zikufikie huko Nairobi kwenye baridi. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama yako kikohozi kimemwacha, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kwa nini dirisha letu la juu twaliita jicho, na nyumba nyingine hawaliiti hivyo.

Nilipoolewa, reli ndiyo kwanza yajengwa. Babu yako aliona vioo kwenye nyumba za Wazungu, akataka kung'oa zile mbao za matundu tunamochungulia bila kuonekana, atie kioo. Bi harusi mgeni mimi, niseme nini? Lakini nilijua kioo kitaleta pazia zito, na mtaa wote utanipotea.

Mavyaa wangu, mamake babu yako, alikuwa akimsomesha Kiswahili bibi mmoja wa Kizungu. Siku seremala alipokuja kung'oa mbao, yule bibi akatueleza kuwa neno lao la dirisha, window, liliundwa na watu wa kaskazini ya kwao kwa maneno mawili, upepo na jicho, kwa kuwa zamani lilikuwa tundu tu ukutani.

Mavyaa akamgeukia mwanawe. "Wenyewe waliliita jicho la upepo. Wewe wataka kulipofua?"

Babu yako akacheka, akamwambia seremala arudi kwake. Nami nikashangaa kuwa neno la ugenini ndilo lililonisemea.

Hapo dirishani ndipo nilipoketi nikikuandikia. Ukija usihangaike kupiga hodi. Nitakuwa nimeshakuona tangu kona ya msikiti.

Bibi yako