Jua na jicho la Neema

Katoro, Jumanne

Eti jua nalo lina sumaku, redio imesema. Mimi sumaku naijua ya mwaloni tunakosafishia madini, ya kutoa chuma kwenye mchanga wa dhahabu. Hiyo ya jua wataalamu wanaitazama kwa vyombo viwili, kila kimoja upande wake, maana kimoja peke yake hakioni kina.

Jioni binti yangu Neema akaweka kikombe nje ya meza, chai ikamwagika tena. Nikainua mkono nimpige. Halafu nikakumbuka vile vyombo viwili, nikamziba jicho la kulia.

"Mayu, mama, toa mkono. Sioni."

La kushoto lilikuwa wazi kabisa.

Na mimi siku zote namwita mzembe. Kesho nampeleka hospitali Geita, huenda linatibika.

Nimemshikisha kikombe kingine. Akanywa kidogo, akaniuliza, "Leo hunipigi?"