Kwetu ni Wapi

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Makongeni mama yako amepona kikohozi, nami nasukuma siku. Unauliza kama somo la uraia litakufaa. Mimi nililipita vizuri kuliko darasa zima. Kisha nikaenda kuomba kitambulisho, karani akaniuliza kwetu ni wapi.

"Makongeni, nilikozaliwa," nikamjibu.

Akacheka. "Hizo ni nyumba za wafanyakazi, msichana, si kwenu. Baba yako alitoka wapi?"

Nikataja kijiji ambako sijalala hata siku moja. Akaandika hicho, nami nikamshukuru.

Wewe soma, upite. Lakini juzi watu wa chama cha mazishi waliniuliza nikifa nipelekwe wapi, na ilibidi nitoe kitambulisho nisome.

Nyanya yako,
wa Makongeni