Doto Yuko Shishiyu

Jumatatu, 3 Machi
Madodoso matatu ya utafiti leo. Ni watoto waliotoka chumba cha mahututi wakapona. Nawauliza wanalalaje, wanaogopa nini. Wa tatu Kulwa, miaka tisa. Malaria ilimpanda kichwani, siku nne hana fahamu. Sasa mwili uko sawa ila haongei. Uji anakunywa nusu, kisha anafunika kikombe.

"Anamwekea pacha wake," mama yake akasema. "Doto yuko nyumbani Shishiyu, kwa bibi yake." Sauti ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mchana nimekula wali peke yangu. Mwezi wa pili niko Bariadi na mama ntilie bado ananiita mgeni.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma faili. Waliletwa pamoja, vitanda vikatazamana. Doto alifariki siku ya pili.

Mama Kulwa alinifuata koridoni. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Daktari, usimwambie. Hawa ni mapacha. Akijua atamfuata mwenzake."

Mimi si daktari. Sikumsahihisha. Nikaahidi, tena upesi mno.

Jumatano, 5 Machi
Mama alikwenda kufua. Nikakaa kitandani kwa Kulwa bila karatasi. Sikumuuliza kitu.

"Doto amekufa," akasema. Kiswahili cha shuleni, kimenyooka. "Nilikuwa nimefumba macho, wakadhani sisikii. Nilisikia mama anavyolia."

Nikamuuliza, na uji je?

"Namwachia ili mama aone sijui. Usimwambie. Ataanza kulia tena."

Nikaahidi na huyu.

Nilikwenda chooni nikafungulia bomba ili nisisikike. Miaka tisa, anamlea mama yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia msimamizi wangu Dar. Akasikiliza mpaka mwisho. "Umewaahidi wote wawili? Wewe ni mtafiti, si shangazi yao." Yuko sahihi. Akasema nimpeleke mtoto ustawi wa jamii. Nimekwenda. Afisa yuko safarini, atarudi wiki ijayo. Kulwa anaruhusiwa keshokutwa.

Na kaburi liko ubavuni mwa nyumba yao. Mama mwenyewe kaniambia, udongo haujakauka. Nikamwuliza, mtoto akilikuta pale itakuwaje?

"Wewe una mtoto?"

"Sina."

"Basi."

Imeniuma. Siku nzima imeniuma. Na hakuna wa kumwambia, maana mambo ya wagonjwa hayatoki wodini. Nilimpigia dada yangu, tukaongea habari za mvua.

Ijumaa, 7 Machi
Sikulala vizuri. Asubuhi nikamweleza Kulwa: siwezi kukaa na siri yako, ni nzito kwangu na kwako. Sitamwambia mama. Ila ukitaka kumwambia mwenyewe, nitakuwa hapa.

Akageukia ukutani. Nikajua nimeharibu. Nikakaa hivyo hivyo. Saa nzima labda. Nesi Pendo akapita na dawa, akaniangalia, akapita tena.

Mama akaingia na chupa ya chai. Kulwa akaketi.

"Mayu, Doto mmemzika upande gani?"

Chupa haikuanguka. Mama aliiweka chini polepole, halafu akakaa sakafuni palepale, kanga ikateleza kutoka kichwani. Kulwa akateremka kitandani, akamwendea. Wakaanza kuongea Kisukuma, wote wawili kwa pamoja, mama anauliza, mtoto anajibu, wanalia. Sikuelewa neno zaidi ya Doto. Pendo akavuta pazia.

Nilibaki nje ya pazia. Pale ndipo mahali pangu. Sikupapenda.

Mtoto hajamfuata mwenzake. Jioni alikuwa anakula ugali na dagaa.

Jumamosi, 8 Machi
Wameondoka asubuhi kabla sijafika. Kitanda kimeshatandikwa. Nimejaza madodoso mawili.

Jumamosi, 22 Machi
Shishiyu, ziara ya kuwafuatilia baada ya wiki mbili. Pendo alikuja kunitafsiria wakiingia kwenye Kisukuma. Mama Kulwa alikuwa shambani kwenye pamba, akaja anafuta mikono. "Mwangaluka," akanisalimu, nikaitikia vibaya, akacheka. Amekonda. Akatuonyesha kaburi bila kuombwa. Limezungushiwa mawe. Kulwa ndiye aliyeyapanga.

Kulwa analala na mama yake. Bado anashtuka usingizini. Shule ataanza Jumatatu, anaogopa kwa sababu dawati lao lilikuwa la watu wawili. Nimeandika yote.

Swali la mwisho: ukiwa na huzuni, unaongea na nani?

"Na mama." Hakufikiri hata kidogo. Halafu akaniangalia. "Na wewe, unaongea na nani?"

Pendo akacheka, akadhani mtoto anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anasubiri, kama mimi ninavyowasubiri wao.

Nikamwambia nitafikiri kwanza.

Nimerudi Bariadi saa kumi. Nimefua, nimeanika. Nimekaa barazani, nguo zinapepea. Watu wanapita wakitoka sokoni, wawili wawili, watatu watatu.

Bado nafikiri.