Akai, Sasa Wanapiga Wenyewe

Akai, mjukuu wangu mwenye haraka,

Nani alikutuma unitangulie? Katika ukoo huu wazee ndio hutangulia, na mimi nilikuwa tayari nimejipanga mbele. Wewe ukapita kando yangu kama mbuzi aliyeona zizi limeachwa wazi. Sijakusamehe. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na shule niliishia darasa la tatu. Herufi zimelala ubavu kama punda wa kiangazi. Utavumilia.

Nakuandikia kwa sababu ya simu yako, ile ya kazi. Waliileta kutoka Kakuma, ulikokuwa kazini, pamoja na nguo zako, na tangu tukuzike haijanyamaza. Sasa kampuni yako ya taa za sola inataka laini. Mdosi wako alipiga akasema namba ni ya kampuni, kwamba Ijumaa atakuja Lodwar kuichukua ampe msichana mwingine. Ati wateja wameizoea, wataishika. Nilimwambia aje, tutaonana. Sikumwambia nitaitoa. Mimi mwenyewe sijui kama nitaitoa.

"Wataishika." Anaongea kama mtu aliyekuta chai imeshapikwa.

Mimi sijasahau mwanzo wake. Ulikuja hapa Kanamkemer mwisho wa mwezi wako wa kwanza kazini, umekonda, ukakaa karibu na jiko ukipigia watu usiowajua, mmoja baada ya mwingine. Kimya. Namba ngeni, nani atashika? Watu wanaogopa wezi wa "umeshinda zawadi". Akitokea mmoja wa kushika, unamsomea karatasi ya kampuni: "Hujambo mteja wetu mpendwa, ninakupigia kwa niaba ya..." Anakata. Nikakuuliza, mteja wako tangu lini? Umemuuzia nini? Ukaanza kulia. Ukasema mdosi ametangaza kwamba asiyeshikiwa simu arudi kwao.

"Wacha kulia," nikakwambia. "Makosa ni yako."

"Makosa gani, Ata, bibi yangu? Si nimewasalimia?"

"Umewasalimia ukiwa tayari ndani ya boma lao."

Kwani nani hakukufundisha? Mgeni akifika kwa watu haruki ua wa miiba aingie. Anasimama kule mbali, mahali pa kuonekana, ameegemea fimbo yake. Watu wamtazame. Watoto waseme kuna mtu. Mwenye boma ajue huyu anatoka wapi na ni wa nani, ndipo amwite. Wewe ulikuwa unaruka miiba mchana kweupe na kuanza kutaja taa. Hata mimi ningekata.

Basi tukatafuta namna ya kusimama nje kwa simu. Ukawa unatanguliza ujumbe wenye salamu ya kwetu: "Ejok. Mimi ni Akai, mjukuu wa Nakiru wa Kanamkemer. Ninauza taa. Kesho jioni mbuzi wakirudi nitakupigia." Asiyejua kusoma alisomewa na watoto wake. Kule Lopur ulimwomba mama aliyenunua kwanza ataje jina lako kwa majirani kabla hujawapigia. Uliacha kupiga saa sita, wakati watu wako kisimani na simu zao ziko dukani kwenye chaji. Wanawake wa samaki wa Kalokol uliwangoja wamalize kuanika. Na ukisema jioni, unapiga jioni ile ile, hata kama una njaa. Wakishika, unauliza mvua, unauliza mifugo, unauliza magonjwa, unangoja mpaka wenyewe waseme, "Haya, na wewe unataka nini?"

Ulinipigia kelele. "Ata, dakika zinaisha! Huyu ananitajia mbuzi wake kwa majina!"

"Si uyasikilize hayo majina."

Na yule Mzee Ewoi wa Lopur! Alisomewa ujumbe wako: jina la msichana, jina la bibi yake, kwao wapi, na siku ya kungoja neno. Akaona hii ni posa iliyogeuzwa kichwa chini. Akapanda gari mpaka Lodwar na tumbaku imefungwa kwenye kitambaa, akaja kusimama nje ya ua wangu kama mtu mwenye adabu.

"Nimekuja kwa sababu ya msichana aliyeleta habari," akasema.

"Habari gani?"

"Kwamba yupo." Akatikisa kichwa. "Nilijua shule inaharibu watu, lakini sikujua siku hizi wasichana ndio wanaanza."

Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba ukicheka mpaka ukakohoa. Nikamwambia, mzee, huyu anauza taa. Akafikiri sana. "Basi taa nitachukua," akasema, "lakini tumbaku nimeshafungua, tuitafune." Aliondoka akikuita mke wake wa simu. Tangu siku hiyo kila jioni uliyomwambia ilimkuta juu ya kile kilima chao, anatafuta netiwaki mapema.

Wakaanza kushika, Akai. Mdosi akakuuliza siri ni nini, ukamwambia, "Ni bibi yangu." Siku ile nilitembea sokoni polepole, makusudi, wanione.

Halafu mvua zikaja, na mbu nao wakaja. Ulinipigia asubuhi kutoka Kakuma, nikasikia meno yako yakigongana. Nikasema nenda upimwe malaria. "Ni kichwa tu, Ata. Jioni mbuzi wakirudi nitakupigia." Mbuzi walirudi. Wakaingia, wakalala chini, mimi nimeshika simu mkononi. Wewe ambaye hukuwahi kumwangusha mtu! Wanawake wa samaki uliwatimizia, mzee wa tumbaku ulimtimizia, mimi ndiye uliyeninyima. Nilikasirika. Nilikuandalia maneno makali, mengine sijawahi kumwambia mtu, na hayo ndiyo yalikuwa mdomoni mwangu walipokuja kuniambia. Nimeyameza. Hayashuki.

Na sasa wanapiga wenyewe. Nilidhani wanataka taa. Kuna mama wa Kikongo kule kambi ya wakimbizi Kalobeyei, alianza hivi: "Ule mutoto iko wapi? Siku mingi hanisalimie." Sikujua mtu anaweza kupiga simu ya biashara kudai salamu. Nilimwambia amekufa. Wote nawaambia hivyo hivyo, sizunguki. Mama yule alilia kwa lugha yake, sikuelewa neno hata moja na nilielewa yote. Mzee Ewoi alisikia habari akiwa juu ya kilima chake. Kisha akaniuliza mvua. Akaniuliza mifugo. Akaniuliza magonjwa. Polepole, moja moja, jinsi ulivyokuwa ukimuuliza wewe, na mimi nikajibu yote.

Niliacha kuandika hapo. Sasa ni Jumapili.

Mdosi alikuja, kijana wa viatu vya kung'aa, na yule msichana nyuma yake. Nilikuwa nimeifunga simu kwenye kanga na kuikalia. Ndiyo, niliikalia. Akasema, "Shosho, usijali, huyu atajiita Akai tu, ndio wateja wasishtuke."

"Shosho ni bibi wa kwenu," nikamwambia. "Na Akai si jina la duka. Unataka watu niliowaambia amekufa wasikie anauza taa?"

Akatazama viatu vyake. Nikamgeukia msichana. "Wewe ni wa nani?"

Alisema jina lake, Atabo, na la mama yake, na kwamba kwao ni Kalokol. Sauti ndogo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nimekunywa chai ya kutosha kwa kazi hiyo. Lakini alikuwa amekonda, Akai. Alikuwa na uso ule wa mtu ambaye ameongea mwezi mzima na simu zisizoshikwa. Nikafikiri: nikiificha, hawa watu wako watapiga na haitashikwa, na wewe hukuwafunza hivyo. Nikasimama, nikafungua kanga.

Nilimpa yeye, si mdosi. Nikamwambia atangulize jina lake mwenyewe, na la mama yake, na aseme namba hii ilikuwa ya marehemu. Akasema, "Ndiyo, Ata." Nani alimpa ruhusa ya kuniita Ata? Sikumkataza.

Jana jioni kidole changu kilienda chenyewe kwenye jina lako. Nikakizuia. Kisha nikatafuta mahali pa kufuta, nikafuta namba yako kwenye simu yangu. Usidhani ni hasira. Ni kwamba siku moja nitasahau kwamba umekufa, nikupigie, na itashikwa na mwingine.

Pumzika, mama yangu mdogo.

Ni mimi, bibi yako aliyekulea,
Kanamkemer