Cheti Chenye Majina Mawili

Jumatano, katikati ya Julai. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ile ya Nairobi inayopenya hadi ndani ya soksi. Ni jioni, na naandika nikiwa bado nimevaa suti, kwa sababu sijapata muda wa kuivua na, nikiri, kwa sababu sitaki kuivua.

Tangu leo alasiri, mimi na mama yangu ni wafanyabiashara halali.

Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Haijabadilika.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mama ni fundi wa nguo. Kwa zaidi ya nusu ya umri wangu ameshona kibarazani kwetu, Soweto West hapa Nairobi, akipunguza na kupanua makoti ya mitumba ambayo watu huyanunua Soko la Toi yakiwa bado na mabega ya mtu mwingine. Cherehani hiyo ndiyo iliyonisomesha hadi nikapata shahada ya usimamizi wa biashara. Baada ya kuhitimu niliandika barua za kuomba kazi hadi nikaichoka sauti yangu mwenyewe. Ndipo nilipoamua kuisimamia biashara niliyoiona kila siku bila kuiita biashara.

Mteja mmoja alitudokezea kibanda kilicho wazi eneo la Kawangware 56, chenye mlango wa chuma na umeme wa kuaminika. Mwenye ploti, Mzee Njuguna, alinipa sharti kwa simu: hakuna ufunguo bila cheti cha usajili. Mpangaji wake wa mwisho hakuwa na karatasi yoyote, na maafisa wa kaunti, ambao sote tunawaita kanjo, walimfungia. Dada mmoja wa saluni naye alikitaka kibanda hicho. "Jumatano saa nane," mzee alisema. "Mwenye ako na cheti, achukue."

Sasa ungamo.

Wiki iliyopita nilijaza fomu mtandaoni kwa madaha ya msomi. Kwenye nafasi ya mmiliki niliandika jina langu. Langu peke yake. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya wepesi tu: mama hakuwa na namba ya kodi, na ubia unadai stakabadhi za kila mshirika. Kabla ya kuituma nilimsomea fomu yote, nikitarajia pongezi. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano, wala hakuinua macho.

"Na mimi nimeandikwa wapi?"

Somo la sheria za biashara nilipata alama ya juu. Nikaipitia fomu juu hadi chini, nikilitafuta jina lake.

Nilifuta yote nikaanza upya, ubia wa watu wawili. Namba ya kodi ya mama ilikula siku mbili. Jina nililopendekeza, refu na la Kiingereza, lilikataliwa kwa kufanana na la wengine. Mama akapendekeza Pindo Safi, likapita mara moja. Siku zote hizo nilimwona dada wa saluni akilini mwangu, akipachika vioo kwenye kuta zetu.

Cheti kilitoka leo saa nne asubuhi. Nilikichapisha, nikakitia katika faili jeusi, nikavaa suti ya kijivu ambayo mama aliikata upya kwa vipimo vyangu. Yeye alitangulia kumpelekea mteja koti lake. Tulikubaliana kukutana Kawangware.

Niliingia kwenye safu ya vibanda saa saba na nusu, kifua mbele. Mlango wa duka la misumari na rangi ukashuka. Wa pili ukafuata. Wa tatu. Nilipofika mwisho wa safu, biashara zote zilikuwa zimefungwa na mchana ungali mchana.

Nikabisha lango la mwenye ploti. "Habari za mchana. Naomba kuonana na mmiliki wa majengo haya kuhusu masuala ya usajili."

"Mwenyewe ameenda ocha, huko kijijini!" sauti ya mzee ikajibu kutoka ndani. "Atarudi Krismasi!"

Niliitambua sauti. "Mzee Njuguna, ni mimi, Ochieng, tuliyezungumza kwa simu."

"Huyo Njuguna hata simjui."

Nikampigia simu. Ikalia nyuma ya lango, kisha ikanyamazishwa.

Zilibaki dakika kumi. Miezi ya kupanga, siku za kuhangaika, na sasa kilichonizuia ni suti. Dada wa saluni angefika amevaa kawaida, naye angefunguliwa.

Aliyefika ni mama, viatu vimejaa tope, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Aliitazama milango, akanitazama kuanzia tai hadi viatu, akacheka hadi akashika ukuta.

"Ochi, umefungia watu kazi! Unakaa kama kanjo kabisa!"

Mlango wa duka la misumari uliinuka kiasi cha shubiri. "Mama Ochi? Si ni wewe ulinitengenezea koti ya harusi? Huyu kanjo ni wako?"

"Ni wangu. Nilimzaa mwenyewe."

Vicheko vikapita nyuma ya mabati, na milango ikaanza kupanda mmoja baada ya mwingine. Lango nalo likafunguka, Mzee Njuguna akatokeza.

"Haiya! Kijana, kwa nini hukusema wewe ni wa cherehani?"

"Nilijitambulisha, mzee."

"Hukujitambulisha. Ulisoma taarifa ya habari."

Alivaa miwani, akakipokea cheti kwa mikono miwili. "Pamela Awuor. Huyu ni nani?"

Jirani wa misumari alitikisa kichwa. Hakumjua. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu nizaliwe, sijawahi kumsikia mtu akimwita mama kwa jina hilo. Kila mahali ni Mama Ochi. Mama aliinua mkono kama mwanafunzi darasani.

"Ni mimi, mzee."

"Na huyu kijana?"

"Huyo ni partna wangu," alisema. "Ameandikwa wa pili."

Tulitia sahihi mkataba wa pango, mama kwanza. Kwa mkataba huo niliomba kibali cha kaunti mtandaoni papo hapo, na kabla ya saa tisa kilikuwa kimetoka. Dada wa saluni alifika saa nane na robo, bila cheti. Nimemwahidi kumsaidia kujaza fomu yake. Kazi hiyo naijua sasa.

Hapa nyumbani mama ameiegemeza nakala ya cheti kwenye cherehani. Anaisoma kwa kidole, neno moja moja, kisha anarudi juu, kwenye jina lake.

Asubuhi tunafungua saa mbili kamili. Suti nitaitundika mlangoni, wateja waione kazi ya Pamela Awuor. Faili nitalificha, majirani wasije wakafunga tena.