Niliposhtaki Kifaa cha Jorma

Jumatatu, 4 Novemba

Nimejenga tangu asubuhi. Mara tatu. Jaribio moja bado linafeli: programu ya kupanga majina inaweka Z kabla ya A. Si kosa kubwa. Litaisha kesho.

Utaratibu ni uleule. Naandika kwenye laptop chumbani, nanakili faili hadi mashine kubwa ya sebuleni, nayo inajenga, yaani inageuza maandishi yangu kuwa programu. Laptop ikijenga inachemka hadi unaweza kukaangia sambaza, vile vidagaa vya ziwani, juu yake. Mashine kubwa ni yetu wawili, mimi na Papa, baba yangu. Yeye ni mkuu wa shule mstaafu na katibu wa korali. Anaandikia humo kumbukumbu za mikutano yao. Mkutano wa nusu saa, kurasa tisa.

Beatriz, kiongozi wa mradi wetu wa programu, ameandika kutoka kwao Brazili. Jumamosi watu watatu watapiga kura kama nipewe funguo za sehemu ya ujenzi, yaani ruhusa ya kuingiza mabadiliko mwenyewe. Miaka saba natunza makefile za mfumo huu, yale maagizo yanayoiambia mashine ijenge nini kwanza na nini baadaye. Miaka saba kila mstari wangu unapitia mkononi mwa mtu mwingine ndipo uingie. Nazitaka hizo funguo. Nazitaka sana. Hapa naweza kusema.

Jumanne, 5 Novemba

Nimejenga. Nimesahihisha mstari. Nimejenga. Z bado iko mbele. Nimesahihisha tena. Z. Nimeufuta mstari wote. Z.

Hasira. Nimeandika jina langu katikati ya faili, herufi kubwa: NABINTU AMECHOKA. Kompaila yoyote yenye akili, ile programu inayotafsiri maandishi yangu kwa mashine, ingepiga kelele. Lakini haikuitwa hata kidogo. Kifaa cha ujenzi, kile kinachosoma makefile na kuamua faili ipi imebadilika, kimesema hakuna jipya, kila kitu kiko tayari, asante.

Kifaa hicho ni kipya. Kimeandikwa upya na Jorma wa Finland. Nimeanza kumwangalia Jorma kwa jicho baya.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekagua saa za faili moja moja, maana kifaa huamua kwa saa: maandishi yakiwa mapya kuliko kilichojengwa, kinajenga tena. Saa ziko sawa kabisa. Kwa hiyo ni Jorma.

Nimemwandikia mbele ya wote, kwenye orodha ya barua za mradi. Nimesema kifaa chake hakisomi. Nimesema pengine hakikujaribiwa. Nimeomba kiondolewe kwenye toleo hili. Papa alikuwa anasoma nyuma ya bega langu. Hajui makefile ni nini, ila barua ya malalamiko anaijua.

"Maman, usiogope bale bazungu. Ongeza *avec insistance*."

Ananiita maman kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nimeongeza: kwa msisitizo.

Jorma amejibu kwa upole: kwake haoni tatizo, je, naweza kumtumia maelezo zaidi? Nimemjibu kwamba maelezo ni haya: hakifanyi kazi. Nimejisikia vizuri sana. Nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 7 Novemba

Jambo la ajabu. Nimejenga asubuhi, nikasahihisha faili papo hapo, nikajenga tena harakaharaka: hakuna kilichobadilika. Nikaenda sokoni Kadutu kununua mboga, nikarudi, nikagusa faili ileile, nikajenga: kimeona! Nikasahihisha tena papo hapo: hakioni. Nikala fufu taratibu, nikaosha vyombo, nikahariri: kimeona.

Nimejaribu mara sita. Nikifanya bidii, hakifanyi kazi. Nikipumzika, kinafanya. Kifaa cha kwanza duniani kinachotetea uvivu. Papa anasema ni Bwana ananiambia nile zaidi.

Ningefuta kila kitu nijenge kutoka sifuri, lakini hiyo ni kazi ya siku nzima, na umeme wa mtaa wetu hapa Ibanda haujawahi kukaa siku nzima.

Barua ya Jorma imefika jioni. Amekubali kukiondoa. Kazi yake ya mwaka. Ameandika: "Wewe ndiye unayezijua makefile kuliko sisi wote. Nakuamini." Jorma ni mmoja wa wale watatu wa kura. Nilipaswa kufurahi.

Ijumaa, 8 Novemba

Najuta kuzaliwa.

Umeme ulikatika, ukarudi. Nimebeba laptop hadi sebuleni nikaiweka kando ya mashine kubwa. Laptop: 16:05. Mashine kubwa: 16:30. Saa ya ukutani: 16:30.

Katika nyumba hii kila saa iko mbele dakika ishirini na tano. Ukutani, jikoni, mkononi mwa Papa. Ni amri yake tangu siku tuliyofika misani padri anamaliza mahubiri, na kanisa zima likageuka kututazama. Nimekulia ndani ya dakika hizo. Sisi wote tunatoa ishirini na tano kichwani bila kufikiri, kama unavyovua viatu mlangoni.

Nimemuuliza Papa.

"Eh, ile ordinateur! Ilikuwa na retard ya minute vingt-cinq. Siku ya Mungu nikaitengeneza. Haukunishukuru ata kidogo."

Kumbe Jumapili aliona kompyuta imechelewa dakika ishirini na tano, akaisogeza mbele. Basi ndivyo hivyo. Naandika saa nne kwenye laptop, na faili inabeba saa hiyo hadi sebuleni. Mashine kubwa imejenga muda mfupi kabla, ila imeandika saa nne na dakika ishirini. Kifaa kinaona kilichojengwa ni kipya kuliko maandishi yangu, kinakaa kimya. Kina haki. Nikienda sokoni, muda unapita dakika ishirini na tano, kinaamka. Jumatano nilizitazama saa hizo kwa macho yangu mawili na nikatoa ishirini na tano kama kawaida yetu. Na huduma ya kusahihisha saa kupitia mtandao niliizima mwenyewe, nisimalize megabaiti.

Papa ametazama saa ya mkononi, kisha ya ukutani. Halafu:

"Sema tu ni courant. Courant haiwezi kujitetea."

Inawezekana. Wangeamini wote. Kuna wakati leo nilikuwa nimeshaandika nusu ya barua ya kusingizia umeme.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeandika ukweli asubuhi, kabla ya kura. Saa, misa, padri, yote. Nimeandika pia kwamba kifaa cha Jorma hakina kosa, kwamba nilimshtaki mbele ya watu bila kumpa hata faili moja ya kuchunguza, na naomba msamaha mbele ya watu haohao. Nimetuma.

Jorma amejibu kwa mstari mmoja: amecheka hadi mke wake akaja kuangalia. Kifaa kinarudi kwenye toleo.

Beatriz hajacheka. Kura: mbili ndiyo, hapana moja, na kwa funguo lazima wote watatu wakubali. Hapana ni yake. "Mwenye funguo huuliza kwanza. Tutaongea tena toleo lijalo." Ana haki pia. Wiki hii kila mtu ana haki isipokuwa mimi. Nimelia jikoni, nikamwambia Papa ni vitunguu. Vitunguu havikuwepo.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa Papa ameniletea bahasha. Ndani kuna attestation, hati ya uthibitisho, imechapwa, na chini saini yake na muhuri wa shule alikostaafu, ambao alipaswa kuurudisha zamani. Inasema: Mimi mwenye kutia saini hapa chini nathibitisha kwamba niliongeza dakika ishirini na tano kwenye mashine ya binti yangu kwa nia njema, na kwamba yeye hana kosa lolote. Hati hii imetolewa ili itumike panapohitajika. Kwa Bi Beatriz, Brazili.

Nimeisoma mara mbili. Sijawahi kumsikia Papa akikubali kosa mbele ya mtu yeyote. Hata Maman, mama yangu mzazi, hakuwahi kusikia, Mungu amlaze pema. Leo ameliandika na kuligongea muhuri, kwa watu asiowajua, kwa ajili yangu.

Sitaituma. Dakika zilikuwa zake. Barua kwa Jorma niliandika mimi, na hiyo hakuna mwingine wa kuisaini.

Nimemwambia ni hati nzuri sana. Ameuliza kama muhuri unasomeka. Nimesema unasomeka. Kisha tumekaa tukatwanga sombe, majani ya muhogo ya jioni, yeye kidogo, mimi zaidi.